Kulirudisha daftari la Mjomba Upareni

Ijumaa

Basi limetoka Mbezi Luis saa kumi na mbili asubuhi. Mimi na mama tumekaa upande wa kulia, nyuma ya dereva, kwa sababu mama anataka milima aione yeye kwanza. Kwenye buti kuna begi la nguo, sukari kilo kumi, katoni ya sabuni na vitenge viwili vya mkaza mjomba. Daftari halikuingia kwenye buti. Mama amelizungushia kanga, amelipakata, na kondakta alipotaka kumsaidia kuliweka juu alimjibu tu, "Acha, mwanangu."

Ni kaunta buku la kawaida, jalada jeusi, mgongo mwekundu. Mjomba alikuja nalo Dar es Salaam alipoletwa kwetu kutibiwa, Novemba mwaka juzi. Alikuwa na shati tatu, Biblia, redio na daftari hilo. Kwa miezi minne aliyolala chumba cha uani, kila siku ya zamu ya maji alipiga simu kijijini. Hakuanza na habari za nyumbani. Alianza hivi: "Yamefika mkiani saa ngapi?" Akijibiwa, aliomba kalamu.

Alifariki Machi. Safari ya kumrudisha ilituchanganya sote: jeneza, gari, michango, simu za ndugu. Daftari likabaki chini ya godoro. Mama ndiye aliyeliona tulipokitoa kile kitanda, akakaa sakafuni nalo mpaka jioni. Tangu hapo, kule nyumbani wamekuwa wakiandika zamu kwenye karatasi, na karatasi zinapotea. Sasa vuli inakaribia, ndiva inasafishwa Jumatatu, na wazee wametuma ujumbe: leteni daftari.

Kwa msomaji asiyeijua Upare, ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhi maji. Wazee wetu walilichimba mlimani wakalijengea ukingo kwa mawe na udongo, muda mrefu kabla ya serikali yoyote tunayoikumbuka. Usiku maji ya mto yanaingizwa humo kwa mfereji, asubuhi kizibo kinafunguliwa na maji yanateremka mashambani kwa zamu. Upande wetu wa mlima unatazama magharibi. Mvua inayotoka baharini huishia kileleni na upande wa pili, sisi tunabakiwa na upepo. Bila ndiva hakuna maharage ya kiangazi, na mahindi ya vuli yanakauka kabla ya kubeba.

Chalinze, Msata, daraja la Wami, Mkata, Kabuku. Mama alilala mpaka Segera. Baada ya Korogwe mkonge ulianza, mistari kwa mistari, akaamka mwenyewe kana kwamba ameitwa.

Mjomba alikuwa karani wa mahudhurio katika shamba moja la huku. Alianza mwaka 1967, akiwa na miaka kumi na tisa. Tanganyika ilikuwa imetoka kutoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya sitini, lakini alipofika yeye bei ilikuwa inaanguka, na mwaka huohuo, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua mashamba mengi. Tulipokuwa watoto alitusimulia jinsi mkonge ulivyofika nchini. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika Pangani ikiwa hai ni sitini na miwili tu. Hesabu hiyo aliipenda sana. Alisema ile mia tisa na ushei tunaijua kwa sababu yupo mtu aliyesimama pale akahesabu.

Babu yangu naye alifanya kazi ya mkonge, enzi za kipande. Ilikuwa kadi ya siku thelathini, kila siku uliyofanya kazi ikitiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka alama zitimie. Mama anasema babu alikuwa akiota usiku kwamba kadi yake imepotea. Nadhani Mjomba alichukua kitu kilichomtisha baba yake, akakigeuza kiwe cha kumlinda mtu.

Babu alifariki 1971. Mjomba aliacha ukarani akarudi mlimani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mama yangu kumi na mmoja, na baada ya mama walikuwapo wadogo wengine watatu. Mombo, basi liliposimama, mama alinunua matunda ya Lushoto kwenye beseni la mama mmoja dirishani, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mjomba alipotoka mkonge alirudi na baiskeli, akaipenda kuliko kitu chochote. Aliiuza Januari iliyofuata. Mama alipata sare, viatu na godoro la bweni. "Sikumuuliza iko wapi," mama alisema. "Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua."

Mazinde, Mkomazi, Hedaru. Joto limeanza kuuma. Makanya tulishuka saa tisa, vumbi la jasi likiwa jeupe juu ya malori. Tulipanda Noah pamoja na magunia ya saruji na kuku wawili. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na Landrover moja tu, na ikiharibika tulipanda kwa miguu, Mjomba mbele, sisi nyuma yake kwa umri. Tulifika magharibi. Mkaza mjomba, ambaye wapwa wote tunamwita Mama Mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni. Alipokea daftari kabla ya kupokea begi.

Makande yalikuwa jikoni. Tumekula kimya.

Jumamosi

Asubuhi tulikwenda kaburini. Liko chini ya mparachichi aliopanda mwenyewe, karibu na la babu. Bado ni udongo na msalaba wa mbao. Binamu zangu wa Arusha walitaka kulijengea marumaru kabla ya Krismasi na michango ilikuwa imeanza, lakini Mama Mkubwa alikataa. Alisema ukingo wa ndiva una ufa, saruji iende kwanza huko, kaburi litasubiri. Ndiyo magunia tuliyopanda nayo jana. Wengine wamenung'unika. Mimi nadhani amefanya kile ambacho Mjomba mwenyewe angefanya, na nimemwambia hivyo mbele yao.

Baada ya chai alinipa ufunguo wa kasha. Nilijua kasha lile tangu nina miaka minane, mama alipopangiwa kazi ya uuguzi Mtwara akaniacha hapa. Nililala chumba kimoja nalo miaka sita bila kuruhusiwa kulifungua. Ndani kuna madaftari thelathini na moja. La kwanza ni la 1979, karatasi zimekuwa rangi ya chai.

Nimeshinda nayo mchana kutwa, na nitaeleza ninachokiona, kwa sababu mwenyewe hakuwa mtu wa kujieleza.

Kila ukurasa una mistari sitini na kitu, mstari mmoja kwa kaya moja. Kuna safu ya tarehe ya msaragambo, yaani ile kazi ya wote ambayo kila kaya hutoa mtu, iwe kusafisha mfereji, kujenga darasa au kutengeneza barabara. Kuna safu ya zamu ya maji. Aliyekosa msaragambo bila sababu alilipa faini. Mama Mkubwa anasema zamani faini ilikuwa pombe ya miwa, dengelua, na faini ikinywewa na wote, ugomvi ukaisha palepale. Wino wa bluu ni wa aliyekuja. Mwekundu ni wa asiyekuja akalipa. Penseli ni ya mgonjwa, mjamzito, mfiwa, mzee. Nimegeuza kurasa nyingi, na nimeona kwamba watu wa penseli hawakukosa maji hata mara moja.

Safu ya mwisho kulia ina neno moja juu: Mkiani. Hapo aliandika saa ambayo maji yalifika shamba la mwisho kabisa. Maji yakiibiwa njiani, mtu akitoboa mfereji usiku au akizidisha muda wake, huwezi kuona kule juu. Utaona kule chini, kwa sababu yatachelewa. Shamba la mwisho lilikuwa la mjane mmoja hadi mwaka 1984. Mwaka huo Mjomba alibadilishana naye, akampa lake la katikati akachukua yeye la mwisho. Nilikuwa nadhani tulilima mbali hivyo kwa sababu tulikuwa maskini kuliko wengine.

Ukiligeuza daftari, ukaanza kusoma kutoka nyuma, unakuta familia. Mwandiko uleule, safu zilezile. Ada, madaftari, nauli ya likizo, sindano, kipaimara, posa. Watoto wake ni wanne. Katika kurasa za nyuma nimehesabu wengine kumi na mmoja, wapwa, watoto wa binamu, na mmoja ambaye hata Mama Mkubwa hakumbuki alikuwa wa nani, ila anakumbuka alipenda ndizi mbichi. Hakuna mahali alipoandika deni. Ameandika "imetoka" na tarehe.

Halafu nikalitafuta la 1998. Nilikuwa najua ninachotafuta.

Mvua za El Niño, za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, zilikata barabara na zikabomoa ukingo wa ndiva upande mmoja. Kiangazi kilipofika kijiji kizima kilikuwa kwenye mawe na udongo, msaragambo baada ya msaragambo. Mjomba alishikwa na malaria wiki ya pili ya Julai. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha kwanza, niko likizo. Aliniambia Jumapili mchana, "Kesho utasimama badala yangu." Nikasema sawa. Jioni nikateremka na vijana wenzangu mpaka Same, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na televisheni, tukaangalia fainali ya Kombe la Dunia. Mpira ulianza saa nne usiku. Tulilala kwenye magunia. Nilifika nyumbani Jumatatu saa tano na nusu, na pembe ya kuitia watu msaragambo ilikuwa imelia alfajiri.

Mjomba alikuwa amekaa nje, amejifunika blanketi juani, anatetemeka. Aliniuliza, "Nani kashinda?"

"Ufaransa. Tatu bila."

"Haya. Kuna uji ndani."

Sikuchapwa, na hakunikaripia. Jioni alijikokota mpaka kwenye mkutano, nikimfuata na kigoda. Alisoma majina kama kawaida, na alipofika kwenye mstari wetu akasema kaya yake haikutoa mtu. Wazee walipinga. Walisema yeye ni mgonjwa, iandikwe penseli. Nakumbuka alivyokohoa kwanza, halafu akasema, "Mgonjwa ni mimi. Kaya si mgonjwa." Akatoa noti mfukoni.

Upo pale. Tarehe 13 Julai 1998, mstari wa kumi na saba, wino mwekundu. Hakuandika jina langu. Miaka ishirini na sita nilikuwa nadhani jina langu limo.

Jumapili

Ibada. Mwinjilisti alitangaza msaragambo baada ya matangazo ya ndoa. Watu wengi walimshika mama mkono, na kila mmoja alikuwa na siku yake aliyomkumbuka kaka yake. Mama alichoka, akalala mchana wote. Niliazima buti za mpira kwa jirani.

Jumatatu

Pembe imelia saa kumi na moja alfajiri. Anayeipuliza sasa ni kijana wa miaka ishirini hivi, na pumzi anayo, ila anakata mwisho haraka. Mjomba aliiacha sauti ishuke yenyewe. Mama Mkubwa aliisikiliza kitandani, nilimwona kupitia mlango, macho wazi.

Kabla hatujaondoka, mgawa maji mpya alipita nyumbani. Ni mtu mzima, mpole, alifundishwa kazi na Mjomba mwenyewe. Alisema, kwa heshima zote, kwamba kamati imekaa na imeona kaya hii sasa ina mama mzee peke yake, kwa hiyo isamehewe, iandikwe penseli daima. Mama Mkubwa alikuwa anakoroga chai. Akamjibu bila kugeuka, "Kaya ipo, baba. Huyo hapo kavaa buti."

Tulikuwa watu arobaini na tano, au karibu na hapo. Zamani tungekuwa mia. Vijana wako Dar, Arusha, Mererani, na kaya nyingi siku hizi zinatuma pesa kwa simu. Juu ya jambo hili wazee wamegawanyika. Wapo wanaosema pesa ni sawa na jembe, kwa sababu saruji hainunuliwi kwa jasho. Wapo wanaosema ukingo unaujua mguu wa mtu. Mjomba alipokea pesa zote, akashukuru, akaziandika kwa wino mwekundu. Mimi nimetuma pesa miaka kumi na minne. Nimeona jana usiku jinsi mstari wetu ulivyo, bluu yake na nyekundu yangu, siku yeye alipokuwa amesafiri. Nyekundu si lawama. Ni kwamba alitaka baadaye ijulikane nani alikuwepo.

Kazi yenyewe ni hii. Wanaume wanaingia ndani ya ndiva tupu na sepetu na majembe, wanachota tope lililotuama msimu mzima, wanalijaza kwenye makarai. Wanawake na vijana wanapokezana makarai kwa mstari mpaka nje ya ukingo. Tope lile ni jeusi, linanuka majani yaliyooza, na halitupwi ovyo, linapelekwa kwenye migomba. Kundi jingine linapanda kwenye banio, pale mtoni maji yanapoingizwa mferejini, kuondoa mawe na magogo. Kundi la tatu, la mafundi, liko kwenye ufa. Waliuchimbua mpaka wakafika kwenye mawe ya zamani, yaliyopangwa bila saruji, jiwe juu ya jiwe, na mzee mmoja akaagiza kila mtu aje aone kabla hayajafunikwa. Tulipita mmoja mmoja. Niliweka kiganja.

Saa nne mikono yangu ilikuwa imeshatoka malengelenge. Kijana aliyekuwa ananipa karai alinibadilishia nafasi bila kusema kitu. Mama alikuja na wenzake wakiwa na sufuria za makande na ndizi, akakaa juu ya ukingo, akawa anawatajia wasichana majina ya waliokuwa wakisimama pale alipokuwa na umri wao. Wengi wamekufa. Aliwataja kwa mpangilio waliokuwa wanasimama.

Saa tisa kizibo kilipigwa nyundo. Ni gogo lililochongwa, limevishwa gunia. Mgawa maji alifungua daftari la Mjomba juu ya jiwe, akaanza kuita kaya. Alipofika mstari wa kumi na saba sauti yake ilikwama. Alisubiri ikae sawa, akaita jina la Mjomba, na mimi nikajibu. Akaandika bluu.

Usiku huu maji yanaingia. Makubaliano na kijiji cha juu ni ya zamani: wao mchana, sisi usiku. Mjomba alikwenda kwao mara nyingi kulilinda neno hilo, kwa miguu, hata miguu ilipoanza kuvimba. Kutoka hapa kitandani siyasikii maji. Mama anasema anayasikia.

Jumanne

Saa kumi na mbili asubuhi ndiva ilikuwa imejaa mpaka alama, imetulia, mlima wote umo ndani yake. Mgawa maji alimwomba Mama Mkubwa afungue. Alishika gogo pamoja na vijana wawili, wakalivuta, na maji yakatoka kwa nguvu, kahawia kwanza, na majani na povu.

Watu walitawanyika kila mmoja kwenye mlango wa shamba lake. Mimi, mama na Mama Mkubwa tuliteremka mpaka mwisho. Ni mbali. Mfereji unapita nyuma ya shule ya msingi ambayo madarasa yake mawili ya kwanza ni ya msaragambo, unakata makaburi, unazunguka jabali, unaingia kwenye kichaka cha ukoo ambacho haruhusiwi mtu kukata mti, halafu unatoka juani na kuteremka mtaro kwa mtaro. Kwenye shamba letu udongo ulikuwa umepasuka. Mama Mkubwa alikuwa ameshachora matuta.

Tukakaa chini ya mwembe kusubiri. Saa tatu. Saa nne. Juu tulisikia watu wakiitana, "Funga! Fungua!", kila sauti karibu kidogo kuliko iliyotangulia. Mama Mkubwa alisema miaka yote Mjomba alisubiri hapa akiwa amesimama, saa ya mkononi ameishika kama anaipima uzito. Aliniletea daftari, maana mgawa maji amempa alirudishe akishamaliza. Nikafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa na Mjomba, ule wa Dar es Salaam. Mistari imeinama, namba zimegusana. Tarehe 8 Machi, Mkiani, saa nane na dakika ishirini. Hiyo ilikuwa siku tatu kabla. Chini yake safu iko tupu.

Saa sita ilipita. Mama alianza kuwa na wasiwasi, akauliza kama ufa umefunguka. Mama Mkubwa akamwambia atulie.

Kwanza yalikuja mavumbi, yakisukumwa na ncha ya maji. Halafu ulimi mwembamba, umebeba vijiti na mdudu mmoja anayejitahidi kuogelea, ukasimama kwenye ufa wa udongo, ukaujaza, ukaendelea. Mama alivua viatu. Aliingia kwenye mfereji na gauni lake, akasimama, maji yakampita vidole, yakapanda kwenye vifundo.

"Saa ngapi?" akauliza.

Nikatazama simu. Nikachukua kalamu, ya bluu, na chini ya mwandiko wake nikaandika: Mkiani, saa saba na dakika kumi.